Kodi zinazopandiana zinaua biashara kabla haijaanza

Mhariri,

Kila Mswada wa Fedha ukifika Bungeni, mjadala wetu huganda kwenye viwango: kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ibaki asilimia 16 au ipande, mkate utozwe au uachwe. Hayo ni ya maana. Lakini hapa Mombasa, mzigo unakoshushwa na hesabu kufanywa kwa mara ya kwanza, kinachowaumiza watu zaidi ni namna kodi zinavyopandiana. Moja huhesabiwa juu ya nyingine, na zote hulipwa kabla mfanyabiashara hajauza hata msumari. Wengi wanaolipa hawajawahi kuiona hesabu hiyo imeandikwa hatua kwa hatua, kwa hiyo naomba nafasi niiandike.

Chukua gari la mtumba la petroli, injini ya cc 1,800, lililowekewa thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000. Kwa viwango vilivyotumika tangu mwisho wa Desemba 2024, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya petroli inayozidi cc 1,500 lakini haizidi 3,000 ni asilimia 25, lakini hautozwi kwenye ile milioni; unatozwa kwenye 1,350,000, kwa hiyo ni 337,500. VAT nayo hungoja hizo mbili zijumlishwe, ndipo asilimia 16 itozwe kwenye 1,687,500: hapo ni 270,000. Ongeza ada ya fomu ya kutangaza mzigo, IDF, asilimia 2.5 ya thamani ya forodha, 25,000. Na tozo ya reli, asilimia 2, 20,000. Jumla ni 1,002,500. Mtu amenunua gari moja, akalipia mawili.

Ndani ya jumla hiyo kuna pesa ambazo si kodi ya gari hata kidogo. Asilimia 25 ya ule ushuru wa forodha ni 87,500. Asilimia 16 ya ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa kwa pamoja ni 110,000. Hizo ni shilingi 197,500 ambazo mnunuzi ametozwa kwa kosa la kulipa kodi. Injini ikiwa ndogo, ushuru wa bidhaa hushuka hadi asilimia 20, lakini mpangilio ni uleule: Probox ya cc 1,500 yenye thamani hiyohiyo ya milioni moja inafika 924,200. Watakaosema gari ni anasa wasimame soko la Kongowea alfajiri wahesabu Probox zinazoshusha nyanya na mikungu ya ndizi. Na kwa bidhaa ambayo haina ushuru wa bidhaa kabisa, VAT bado hutozwa juu ya ushuru wa forodha.

Hata hiyo milioni yenyewe mara nyingi si pesa aliyolipa mnunuzi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka thamani ianzie kwenye bei iliyolipwa au itakayolipwa. Kwa magari yaliyotumika, Mamlaka ya Mapato, KRA, haianzii kwenye ankara ya Japani. Inaanzia kwenye orodha yake ya bei za magari mapya, CRSP, kisha inapunguza kulingana na umri wa gari na kuondoa kodi zilizomo kwenye bei hiyo. Aliyevumilia mnadani akapata bei nzuri anatozwa sawa na aliyenunua kwa pupa. Sababu inayotolewa ni ankara za kughushi, na za kughushi zipo. Lakini kughushi kunalipa kwa sababu kodi imevuka bei ya kitu chenyewe. Kodi yote ikiwa asilimia 15, ni wakala gani atahatarisha leseni yake kwa ajili ya ankara ya uongo?

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye stakabadhi ya KRA. Kodi hizi hulipwa kabla mzigo kutoka bandarini, na wafanyabiashara wengi huzilipa kwa mkopo. Riba inaanza kuhesabiwa siku hiyo. Cheti kimoja kikichelewa, kontena linakaa; siku za bure zikiisha, Mamlaka ya Bandari, KPA, inaanza kudai ada ya kuhifadhi, na kampuni ya meli inaanza kudai ya kwake kwa dola. Halafu muuzaji wa jumla anaweka faida yake kama asilimia ya gharama zote hizo, wa rejareja naye vivyo hivyo. Shilingi moja iliyotozwa bandarini Kilindini haifiki mtaani Bombolulu ikiwa shilingi moja.

Pwani hii iliwahi kujua njia nyingine. Mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa mzigo ulioshushwa, bila tozo nyingine. Waingereza wakapata kiwango hicho 1839, Wafaransa 1844. Sitaki kuupamba utawala ule, uliosimama juu ya migongo ya watumwa. Nataja kiwango na uwazi wake: nahodha alijua atalipa nini kabla ya kutia nanga. Leo kiwango hicho kiko Ghuba. Nchi za huko zilipounganisha forodha zao mwaka 2003 ziliweka asilimia 5 kwa bidhaa nyingi, na VAT ya Falme za Kiarabu ilipoanza 2018 ikawa asilimia 5. Ndiyo maana mwenye duka Biashara Street hupanda ndege kwenda Dubai kununua simu na vitambaa vilivyotengenezwa China, ilhali Mganda na Mkongo wangeweza kuvinunua hapa Mombasa. Na mtu asiseme ni mafuta. Akiba kubwa ya mafuta iko Abu Dhabi, Dubai imejengwa na bandari na biashara.

Nirudi kwenye ile tozo ya reli, kwa kuwa inafundisha mengi kuhusu ukubwa wa serikali. Ilianza 2013 kwa asilimia 1.5 ili kugharamia reli mpya ya Mombasa–Nairobi, SGR. Hutozwa kwenye mzigo unaoingizwa nchini kwa matumizi ya hapa, upande reli au usipande. Kontena la vigae linalotoka Kilindini kwa lori hadi Nyali linailipia reli ya kwenda Nairobi. Mwaka 2014 KPA ilifungwa kwenye mkataba wa kuihakikishia reli kiasi fulani cha mzigo, na ikikosekana, bandari ilipie pengo. Treni za mizigo zilipoanza 2018, wenye mizigo wengi walipiga hesabu wakaona lori linawafaa zaidi, kwa sababu lori hufika hadi mlangoni ilhali treni huishia Embakasi, Nairobi, na bado unahitaji lori. Serikali haikupunguza bei hadi wateja waridhike. Agosti 2019 ilitoka amri kwamba mizigo yote ya Nairobi na ya bara ipande treni.

Mombasa inajua kilichofuata: yadi za makontena zikabaki wazi, madereva na makanga wa malori wakarudishwa nyumbani, waziba pancha na mama ntilie wa Mariakani wakakosa wateja. Novemba 2020 Mahakama Kuu ilisema amri ile inakiuka Katiba, na Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli za mizigo Mombasa. Reli yenyewe si adui. Kwa mzigo mzito wa mwendo mrefu ina faida yake, na ikishindana kwa bei itapata wateja bila amri ya mtu. Ila tozo haikuondoka na amri. Imepanda hadi asilimia 2. Tozo yoyote iliyowekwa kwa ajili ya mradi mmoja iandikiwe siku ya mwisho ndani ya sheria yenyewe, na siku hiyo ikifika ife bila Bunge kuombwa.

Sasa tutoke bandarini tuingie dukani, maana huko ndiko sheria ilikokosea zaidi. Kodi ya mauzo, TOT, inamhusu mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023 ni asilimia 3, na hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Inasifiwa kuwa nyepesi: jumlisha mauzo, toa asilimia 3, umemaliza. Wepesi huo ni wa mkusanyaji. Kwa mlipaji, asilimia 3 ya mauzo inategemea kabisa faida yake ni kiasi gani.

Mfano ni duka la unga, sukari, mchele na mafuta ya kupikia pale Mtopanga, linalouza bidhaa za shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa vyakula vya aina hii ushindani ni mkali. Tuseme faida ghafi ni asilimia 8 ya mauzo, yaani 32,000. Toa pango 14,000, stima na maji 3,000, usafiri na mifuko 4,000. Inabaki 11,000, na mwenye duka bado hajajilipa mshahara. TOT ni 12,000. Kodi imeimaliza faida yote na kugusa mtaji. Kwa mwaka amepata 132,000, ametozwa 144,000. Ajabu ni kwamba mtu huyu akihesabiwa kwa kodi ya kawaida ya mapato hadaiwi kitu: asilimia 10 ya 132,000 ni 13,200, na msamaha wa kila mlipakodi mkazi ni 28,800 kwa mwaka. Wa chini ametozwa 144,000 kwa sheria inayodaiwa kumpunguzia mzigo. Fundi simu au kinyozi, ambaye sehemu kubwa ya mauzo yake ni faida, TOT kwake ni nyepesi sana. Kodi haikuangalia nani anaweza kulipa; imeangalia pesa zinazopita mkononi.

Mlango wa kutokea upo na haujulikani vya kutosha. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna kwamba hataki TOT, ahesabiwe kwa kodi ya mapato. Mwenye faida nyembamba afanye hivyo, lakini ajiandae: atahitaji daftari la mauzo na manunuzi, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kawaida haikubaliwi. Kabla ya kuandika barua ahakikishe muuzaji wake wa jumla anatoa ankara hizo kila mara, zikiwa na PIN, namba yake ya mlipakodi. Akikosa ankara za nusu ya manunuzi, KRA itaiona nusu hiyo kuwa faida, na atalia kuliko alivyokuwa. Suluhisho la kudumu ni kupandisha kiwango cha chini cha TOT kutoka milioni 1 hadi milioni 5, pale ambapo usajili wa VAT huanza, na kumwacha aliye chini yake auze kwa amani. Mauzo ya milioni 1 kwa mwaka ni shilingi 2,740 kwa siku. Huyo ni muuza viazi karai.

Kwa kaunti nitasema kidogo. Duka hilohilo linahitaji leseni ya biashara, cheti cha zimamoto, cheti cha afya kwa wanaoshika chakula, na ada ya bango. Lori la maembe kutoka Malindi hutozwa ushuru wa mazao likivuka, kisha tena likifika sokoni. Kifungu cha 209(5) cha Katiba kinakataza kaunti kutumia mamlaka yake ya kodi kwa namna inayodhuru biashara ya kuvuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Kipo tangu 2010 na kinapuuzwa kwenye kila kizuizi.

Kwa nini basi kodi zimepandiana hivi? Kwa sababu matumizi hupangwa kwanza, kisha pesa hutafutwa. Tuna serikali ya kitaifa na kaunti 47, na juu yake hazina ya maendeleo ya maeneobunge 290 inayojenga madarasa na kutoa basari kando ya kaunti zinazotoa basari zilezile. Julai 2023 ilibidi Mahakama Kuu iseme kwamba uteuzi wa makatibu waandamizi 50, CAS, haukuwa halali. Kanuni za 2015 zinaitaka kaunti isivuke asilimia 35 ya mapato kwa mishahara, na sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha kaunti nyingi zikivuka mpaka wa kwanza na kutofikia wa pili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayepitisha bajeti hizi haoni uzito wake, kwa kuwa halipi TOT.

Kodi isipotosha, serikali hukopa, na hapo mfanyabiashara anapigwa mara ya pili. Kwa miezi mingi ya mwaka 2024 hati za Hazina za siku 364 zililipa riba ya zaidi ya asilimia 16. Benki ikiweza kupata hiyo kwa kuikopesha serikali, isiyofilisika kama duka linavyofilisika, ya nini kumkopesha fundi wa samani wa Changamwe kwa asilimia 18 na kuhangaika kumfuata? Jaribio la kutibu hilo kwa amri tuliliona. Septemba 2016 sheria iliweka kikomo cha riba, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki hazikuwakopesha maskini kwa bei nafuu. Ziliacha kuwakopesha, zikanunua hati za serikali, na wadogo wakaenda kwa mikopo ya simu na ya mitaani. Novemba 2019 kikomo kikaondolewa. Riba itashuka serikali ikipunguza kukopa, na kukopa kutapungua ikipunguza kutumia. Njia ya mkato haipo.

Najua swali litakalokuja: Hospitali Kuu ya Pwani italipwa na nini? Ni swali la haki, na simtaki mgonjwa wa Makadara alipie makosa ya Hazina. Mahakama, polisi, barabara, chanjo na shule za msingi ni kazi za serikali, na zinahitaji kodi. Lakini kiwango kikubwa si sawa na mapato makubwa. Sukari ya kutoka nje ya soko letu la kikanda ina ushuru wa asilimia 100, na kwa miaka mingi tumeona inachozaa: magunia ya magendo kupitia mpaka wa Somalia, ambayo hayalipi hata senti. Serikali yenyewe inajua ukweli huu inapowaita wawekezaji wakubwa. Katika maeneo maalumu ya kiuchumi, kama lile la Dongo Kundu, sheria inampa mwekezaji kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na asilimia 15 kwa 10 inayofuata. Kampuni ya Mkenya iliyo ng'ambo ya ua, Likoni, inalipa 30. Kama asilimia 10 huleta viwanda na ajira, na mimi naamini huleta, basi wapewe wote. Mauritius, kisiwa kisicho na madini wala mafuta, ilianza mwaka 2006 mageuzi yaliyoweka kiwango kimoja cha asilimia 15 kwa kampuni na watu binafsi, ikapunguza misamaha ya kupendelea.

Hasira ya waandamanaji ya Juni 2024 ilizuia Mswada mmoja wa Fedha, lakini haikugusa vifungu vilivyotangulia, na vifungu ndivyo vinavyotoza. Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kufikia 30 Aprili na hupaswa kupita kufikia 30 Juni. Katikati yake Kamati ya Fedha hupokea maoni ya maandishi kupitia kwa Karani wa Bunge la Taifa. Maoni ya kulalamika kwa jumla hayafanyiwi kazi. Yanayosomwa yana safu tatu: kifungu, badiliko linalotakiwa, sababu pamoja na hesabu. Kwa yaliyomo kwenye barua hii, vifungu ni cha 14 cha Sheria ya VAT ya 2013, ili VAT ya mzigo ihesabiwe kwenye thamani ya forodha pekee. Cha 12C cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kuhusu TOT. Na cha 8 cha Sheria ya Ada na Tozo Mbalimbali ya 2016, kuhusu tozo ya reli. Vyama vya wafanyabiashara wa Kongowea, Marikiti na Biashara Street, mawakala wa forodha na wenye malori waanze kuandika sasa, kila kundi kivyake, maana kamati huhesabu pia idadi ya waliowasilisha. Mwenye stakabadhi za forodha au za TOT za mwaka huu aambatanishe nakala, afute jina na namba ya PIN, abakishe tarakimu.

Wakala wa forodha,
Shimanzi, Mombasa